Usiniite Dada

Bundi alisimama mlangoni mwa maabara akakataa kuingia, na hapo Nelius akajua kuna jambo. Bundi hakuwa mtu wa kusimama milangoni. Siku zote aliingia kwa fujo, koti jeupe halijafungwa vifungo, akaelekea moja kwa moja pale alipo Nelius kumwuliza kama amekula. Leo alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mkono mmoja, macho yako sakafuni, na uso umemvimba kwa kukosa usingizi.

"Umerudi," Nelius akasema.

"Nimerudi."

"Basi ingia. Nimeweka jeli ya DNA kwa umeme, siwezi kuiacha."

Hakuingia. Alimeza mate, akajikuna shingo, kisha akatamka neno ambalo Nelius alikuja kulichukia kuliko matusi yote aliyowahi kutukanwa.

"Dada."

Nelius alicheka. Alidhani ni utani, maana Bundi alikuwa na utani mwingi, na mwingine haukuwa mzuri. "Dada ya nani?"

"Dada yangu. Nimeambiwa nianze kukuita hivyo."

Kicheko kikamfia mdomoni. Aliweka chini pipeti aliyokuwa ameishika, polepole.

Katika idara nzima ya baiolojia ya molekuli, pale chuoni Embu, wawili hawa walijulikana kama Chai na Miraa. Nelius Njoka, binti wa Kibugu, aliyekulia kwenye majani chai hadi akayachoka, alikuwa anatafiti miraa. Bundi, mzaliwa wa Laare, aliyesomeshwa na miraa tangu chekechea, alikuwa anatafiti chai. Kila mmoja aliukimbia mmea wa kwao akajikuta mikononi mwa mwenzake.

Na walivyokutana ni aibu tupu. Nelius alikuwa ameacha kifungu cha miraa mbichi mezani karibu na friza, kikingoja kusagwa ili atoe DNA yake, akaenda kutafuta barafu. Aliporudi akamkuta kijana mrefu asiyemjua ameketi kwenye stuli yake, shavu moja limefura, anatafuna sampuli. "Nilidhani kuna mtu amekaribisha wageni," kijana akajitetea. Mtu wa Laare akiona miraa mezani haulizi ni ya nani. Nelius alimfokea mpaka watu wa chumba cha pili wakaja kuchungulia. Bundi akasikiliza fokofoko zote hadi mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba atamlipa. Atampeleka kwao, akapewe majani ya mti wa babu yake, mti mkongwe ambao kila mkulima pale kijijini alikata mche kwake.

Majani hayo Nelius aliyahitaji kama hewa. Utafiti wake wote ulikuwa wa kulinganisha miraa ya siku hizi na miti ile ya kale, na bila ya kale alikuwa na nusu ya kazi. Lakini kufikia siku aliyopelekwa Laare, Jumamosi iliyopita, alikuwa amesahau majani. Alikwenda kuonyeshwa kwa wazazi kama mchumba.

Na walimpokea vizuri jamani. Mzee Mbaabu, baba yake Bundi, alimkaribisha kiti cha kwanza, akamwuliza habari za masomo, za chai, za mvua ya Kibugu. Kisha akauliza ukoo.

"Njoka ni jina la huko Embu kweli?" alisema. "Babu yako alitoka wapi?"

"Babu alitoka Tharaka," Nelius akamjibu, akautaja na ukoo. "Alikuja Kibugu kuchuma chai, akaoa huko, akabaki."

Mzee aliweka kikombe chini. Alisimama, akamkumbatia mbele ya watu wote, akamwita mwari, yaani binti yake, akaagiza jogoo akamatwe. Nelius alirudi Embu moyo ukimdunda kwa furaha, akijua amekubaliwa. Bundi alibaki nyuma wapange mambo na babake.

Sasa Bundi huyu hapa, mlangoni, anamwita dada.

"Hebu nieleze polepole," Nelius akasema. "Kuna kitu sijaelewa."

"Gichiaro. Umewahi kuisikia?"

"Kwa wazee tu."

"Watu wenu wa Tharaka na sisi wa Igembe tulikula kiapo. Zamani sana, hata babu ya babu yangu alikuta kiko. Tukafanywa kama watu waliozaliwa na mama mmoja. Hatupigani. Hatudanganyani. Hatunyimani kitu." Akaachilia fremu ya mlango. "Na hatuoani."

"Kwa hivyo lile jogoo..."

"Lilikuwa la kumkaribisha mtoto wa nyumbani. Si la mchumba."

Nelius alivuta stuli akakaa. Maji yalikuwa yanachemka kwenye chombo upande wa pili na hakuna aliyekwenda kuyazima.

"Bundi, sikia. Mimi nakula na kulala na DNA. Usije hapa kunifundisha damu yangu ni ya nani."

"Hii si story ya DNA, Nelly."

"Ni ya nini?"

"Ni ya baba yangu. Amesema nikikuoa hatakuja harusi, na mama hatakuja, na hiyo laana nitaibeba mimi na watoto. Mimi ndio first born. Ungemuona. Hakunipigia kelele. Alikuwa anaongea pole pole kama mtu anafiwa."

"Na wewe ukasema nini?"

Bundi akatazama viatu vyake.

"Nimekuuliza ulisema nini."

"Nilinyamaza."

"Ulinyamaza."

"Nilikuwa natafuta kitu ya kusema."

"Kilikuwa kimoja tu," Nelius akasema, na sauti ikamvunjika katikati, akajikasirikia kwa hilo. "Ungesema unanipenda. Hiyo haitafutwi."

Macho yao yakakutana kwa mara ya kwanza tangu afike. Nelius aliona jinsi Bundi alivyoteseka, na kwa muda mfupi akataka kuinuka, amkumbatie, amwambie yataisha. Alimpenda mtu huyu. Alimpenda na upole wake ule ule uliokuwa unamponza sasa. Hakuinuka.

Mashine ya umeme ikalia kuonyesha jeli imeiva. Nelius akaitoa, akaiweka chini ya taa ya bluu pale DNA hujionyesha mistari mistari. Hapakuwa na mstari. Kulikuwa na ukungu tu, sampuli za sokoni zimeharibika tena. Ilikuwa siku ya namna hiyo.

"Kuna kitu moja nzuri," Bundi akasema kwa unyonge, akijaribu kufariji. "Majani. Baba alikatalia hata watu wa chuo walikuja kuyaomba, gari yao ikarudi bure. Lakini wewe amesema uende. Mtu wa gichiaro akiomba hanyimwi."

Nelius akageuka taratibu.

"Kwa hivyo nimenyang'anywa mume nikapewa majani."

"Sikumaanisha hivyo."

"Nenda nyumbani, Bundi. Na usiniite dada. Nikusikie tena ukiniita dada nitakumwagia hii dawa yote kichwani."

Alikwenda. Hatua zake zilisikika kwenye korido ndefu, zikasimama mara moja kana kwamba angerudi, kisha zikaendelea. Nelius akalia bila kujificha, glavu zake zikiwa bado mikononi, machozi yakimwingia mdomoni.

Sheila, aliyekuwa akisoma naye na ambaye hakuwa na haya ya kusikiliza mambo ya watu, akatokea nyuma ya friza na karatasi za kupangusia.

"Nimeskia yote," akasema. "Pole. Lakini wewe Nelly si uko na mashine hapa? Chukua mate ya huyo jamaa, chukua yako, pima, print, pelekea mzee. Mwambie hawa si ndugu, sayansi imesema. Imeisha hiyo."

"Itamwambia nini asichojua?"

"Si amesema ni damu moja?"

"Anajua hatukuzaliwa pamoja, Sheila. Hakusema tulizaliwa. Alisema tuliapa." Nelius akapenga kamasi. "Kiapo hakionekani kwa jeli."

Lakini alipojisikia akilisema hilo, kitu kilimgutusha. Maisha yake yote ya chuo alikuwa amefundishwa jambo moja na mwalimu wake: usilazimishe sampuli ikupe jibu la swali ambalo haikuulizwa. Uliza swali lake. Mzee Mbaabu alikuwa hataki habari za molekuli. Alikuwa na sheria. Basi sheria yenyewe inasemaje, yote, si ule upande aliochagua kumsomea mwanawe?

Alivua glavu akampigia babake simu.

Mzee Njoka alikuwa kwenye kituo cha kupimia chai, Kibugu, kelele za watu zikisikika nyuma yake. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa suti moja na maneno machache.

"Baba, gichiaro ni kitu ya ukweli?"

"Nani amekwambia hiyo jina?" Kelele zikapungua, alikuwa amesogea kando. "Babu yako ndiye alikuwa anaongea hiyo. Alisema ukiwa Igembe na uko na njaa, unaingia kwa boma, unakaa, unasema unataka nini. Wanakupa. Hata kama ni ng'ombe ya mwisho."

"Na wakikataa?"

"Hawawezi. Hiyo ni kujilaani. Ndiyo maana babu yako alikuwa anatukataza kuomba ovyo. Kuomba mtu wa gichiaro ni kumfunga kamba."

"Chochote, Baba?"

"Chochote. Kwa nini unauliza?"

"Ni mambo ya research."

"Sawa. Usisahau kula."

Nelius alikata simu. Machozi yalikuwa yamekauka. Sheila alimtazama usoni akasema hapendi hiyo sura, mara ya mwisho aliiona mwenyekiti wa idara aliishia kuwanunulia friza mpya.

Jumamosi iliyofuata ilimkuta Laare. Mji ulikuwa kwenye pilikapilika zake, wafungaji wamekaa chini ya mabati wakifunga vifungu, majani ya mgomba yametapakaa hadi barabarani, pikipiki zikipakiwa magunia huku zikinguruma. Nelius alipita katikati yao akiwa amevaa rinda la maua la kwenda kanisani, na mkononi ameshika kikasha cha barafu cha kubebea sampuli. Watu walimpisha. Alikuwa na uso wa mtu aliyekuja kudai chake.

Nyumbani kwa Mzee Mbaabu walikuwa wanamngoja. Mzee mwenyewe alikuwa chini ya ule mti wa babu yake Bundi, mti mnene wenye shina lililopindapinda na kuota vigaga, na pamoja naye wazee wawili wa ukoo. Mti ule haukatwi kimyakimya. Kinachotolewa kwake hutolewa mbele ya watu. Bundi alikuwa amesimama nyuma ya wazee, amekonda.  Nelius alimtazama kitambo kirefu kuliko heshima inavyoruhusu, akaona ameacha ndevu ziote, akaona shati lile la samawati alilomnunulia yeye. Amelivaa kusudi, akajiambia. Hilo likamtia nguvu.

"Muga, mwari wa gichiaro," Mzee Mbaabu akamsalimu kwa furaha ya kweli.

"Muga, Baba."

"Umekuja kuchukua yako. Nimeita hawa wazee waone, ndio mtu asiseme nilitoa kitu ya mti kwa kuficha. Mwanamke hakati hii mti, lakini nitakukatia mimi mwenyewe. Unataka ngapi?"

"Baba, kabla haujapanda, nataka kuuliza. Mimi nimezaliwa Kibugu, sijui hii mila vizuri. Ni ukweli nikiomba kitu huwezi ninyima?"

"Siwezi."

"Hata kama ni kitu unapenda sana?"

Mzee akacheka, wazee wakacheka naye. "Hiyo ndiyo hasa. Kitu mtu hapendi si anaweza kupea hata jirani? Watu ya chuo walikuja hapa na gari na barua ya muhuri. Nikawaambia warudi. Wewe umekuja na mdomo peke yake na ninakupa. Hiyo ndiyo gichiaro."

"Na ukininyima?"

"Asiseme hiyo hata na mchezo," mmoja wa wale wazee akadakia, mzee mfupi aliyevaa kofia ya manyoya. "Akikunyima, hiyo laana inalala kwake."

"Nashukuru kwa kunifundisha," Nelius akasema. Akakiweka kikasha cha barafu chini, kifuniko kimefungwa vilevile. Sauti yake ikatoka nzima. "Basi majani wacha yakae. Sikuja kuomba majani leo. Naomba Bundi."

Hakuna aliyecheka.

"Umesema?"

"Naomba unipe Bundi, Baba. Awe bwana yangu."

Mzee Mbaabu alimtazama kana kwamba amesikia mti ukiongea. Kisha damu ikampanda usoni. "Hiyo ndiyo kitu moja haiwezekani. Gichiaro haioani."

"Gichiaro hainyimani. Umesema saa hii."

"Nimesema kitu. Hiyo si kitu."

"Umesema kitu unapenda sana. Kuna kitu unapenda kuliko yeye?" Hakungoja jibu. "Kiapo ni kimoja, Baba. Huwezi kukishika upande wa kunikataza ukakiachilia upande wa kunipa. Kama mimi ni mtoto wa gichiaro, nimeomba. Kama mimi si mtoto wa gichiaro, basi hakuna kitu inanizuia kuolewa hapa. Wewe chagua mimi ni nani."

Mzee wa kofia ya manyoya akakohoa, kikohozi kikageuka kicheko, akakirudisha kuwa kikohozi. "Mbaabu," akasema, "huyu amekufunga."

"Nani amekufundisha haya maneno?" Mzee Mbaabu akauliza.

"Ni wewe. Hapa hapa, na wazee wakisikia."

Mzee akaugeukia mti. Mkono wake uligusa shina la mti, ukabaki hapo. Alipozungumza tena hasira ilikuwa imepungua, na badala yake Nelius akasikia woga, woga wa mtu mzima anayeamini anachokisema, na hapo akamhurumia.

"Mwari, nikikupa nimevunja. Nikikunyima nimevunja. Unajua umeniweka wapi?"

"Najua, Baba. Ni mahali pabaya. Mimi nimekaa hapo wiki nzima."

"Mpe mtu kitu ameomba." Sauti ilitoka mlangoni mwa jikoni. Alikuwa Mama Karimi, mamake Bundi, mikono imejaa unga hadi viwikoni. Muda wote huo hakuna aliyejua anasikiliza.

"Mama Karimi, hii si maneno ya jikoni."

"Na huyo kijana alikulia wapi? Wiki nzima anakula kama kuku mgonjwa. Laana ni ya siku ingine, njaa ni ya leo."

Mzee Mbaabu aliwaangalia wote mmoja mmoja, na Nelius akaona akili ikizunguka nyuma ya macho yale. Hakuwa mjinga mzee huyu. Alikuwa anatafuta mlango wa nyuma, na akaupata.

"Sawa," akasema. "Mimi sijanyima. Wazee mmesikia, sijanyima. Lakini mtu si mti. Mti hauulizwi, mtu anaulizwa. Bundi, kuja hapa katikati."

Bundi akaja.

"Mwite huyu vile nilikwambia umwite. Mara moja tu, hapa mbele yetu. Ukimwita dada, basi ni wewe umekataa, si mimi, na kiapo kiko mahali pake."

Ulikuwa ujanja mzuri, na Nelius akautambua. Angeweza kubishana na mzee huyu hadi jua litue. Lakini hili halikuwa lake kujibu. Yote sasa yalikuwa kinywani mwa mtu ambaye alipoulizwa mara ya kwanza alinyamaza, na mara ya pili akatii. Alimtazama Bundi na hakuomba. Alikuwa ameomba mara moja leo, ilitosha. Alijua akisikia lile neno atachukua kikasha chake arudi Embu amalize masomo, na hatakufa, na hatapenda tena namna hii.

Bundi akatazama viatu vyake, kisha akainua kichwa.

Kuku wakapita. Mama Karimi akajipangusa unga kwenye leso bila kuondoa macho kwa mwanawe.

"Nelius," Bundi akasema.

"Si hiyo," babake akasema.

"Ni hiyo, Baba. Uliniambia nimwite dada, nikaenda nikamwita, na tangu hiyo siku sijaweza kujiangalia kwa kioo. Sirudii." Sauti yake ilikuwa ya chini, na haikutetemeka. "Wewe ndio baba yangu na nitakuheshimu mpaka nife. Ukitaka kunilaani, nilaani. Lakini utanilaani nikiwa nimesimama hapa."

Akavuka ile nafasi kati yao. Aliinama, akaokota kikasha cha barafu, akasimama kando ya Nelius, bega lake likagusa la kwake. Nelius hakumwangalia, angemwangalia angelia, na hakutaka kulia mbele ya mzee huyu. Alitafuta kidole chake kidogo tu, akakishika.

Mzee Mbaabu akawageuzia mgongo. Alitoa kisu kiunoni, akavua viatu, akaupanda ule mti, mguu kwa mguu, akijua kila kigaga, na hakuna aliyethubutu kumwambia ashuke. Huko juu walimsikia akikata, kata, kata, akiongea peke yake kwa Kimeru. Nelius alijiambia basi, amechagua majani. Atanipa nilichoomba mwanzo, anifukuze nacho.

Alishuka na shehena. Akaketi chini, akaanza kuyapukuta majani, akibakisha vijiti vyekundu vyororo, akivipanga kimoja kimoja kwa urefu. Majani yakamwangukia miguuni. Hakumtazama mtu.

"Hayo yameanguka okota, weka kwa barafu," akamwambia Nelius. "Yasiharibike."

Nelius akapiga magoti akaanza kuokota, mikono ikijifanyia kazi yenyewe. Majani machanga, mekundu, ya mti aliouota siku zote hizo. Akasikia mzee akiagiza jani la mgomba, na Mama Karimi akalileta akikimbia. Yule mzee wa kofia akasogea bila kuulizwa akashika ncha ya uzi wa mgomba. Fungu likaanza kuumbika, nene, limepambwa, halikufanana na vile vifungu vya sokoni.

"Hiyo ni mingi sana," Nelius akanong'ona. "Kazi yangu haihitaji hiyo yote."

Bundi alikuwa amepiga magoti kando yake, na machozi yalikuwa yanamtiririka waziwazi. "Hiyo si ya kazi yako," akasema. "Hiyo ni ncoolo. Ndiyo hupelekwa kwa wazazi ya msichana kumposa."

Nelius akaacha kuokota.

"Msinifurahie," Mzee Mbaabu akanguruma, kichwa bado kimeinama. "Kiapo kilifungwa na watu. Tutaita wazee wa Tharaka, tutafute kondoo, tukifungue mahali kinafunguliwa. Kikikataa kufunguka, laana inipate nikiwa nimetoa kitu niliombwa." Akazungusha uzi mara nyingine. "Na wewe msichana, ukiingia hapa kwangu, hiyo mdomo yako utakuwa unatumia kwa watu ya chuo. Si kwangu."

"Sitaahidi hiyo, Baba," Nelius akasema.

Mzee wa kofia akashindwa kujizuia tena, akacheka. Hata Mzee Mbaabu mdomo ulimcheza upande mmoja, akaukaza haraka.

"Baba yako," akasema. "Bado ana meno?"

"Anayo, Baba. Yote. Lakini yeye ni mzee wa kanisa. Hajawahi kutafuna miraa tangu azaliwe."

Mzee Mbaabu akalivuta fundo la mwisho kwa meno yake mwenyewe, akalinyanyua lile fungu, akalipima kwa macho.

"Mwambie tukimletea hii Jumamosi ijayo, anaanza," akasema.